Siku Niliyomnyima Saba Ufunguo

Binti yangu ameleta nyumbani chupa ya mafuta ya nyonyo, anasema yanaotesha nywele. Alipofungua kifuniko pale sebuleni ikabidi niketi. "Mama, presha?" akaniuliza. Nikamwambia ni uchovu tu, maana ningeanzia wapi? Kizazi chake hakijawahi kumpaka mtu wa chuma mafuta kwenye viwiko. Kwao watu wa chuma ni majirani wa kawaida: wanapanga foleni benki, wanachangia harusi, na wengine wanaringa kuliko sisi. Ila nyie wa rika langu mliokulia chini ya Mlima Meru mnaijua harufu ninayoisema, nyonyo na kutu kidogo na vumbi la kahawa kavu. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mgongo wa Saba. Mgongo wake niliujua vizuri kuliko uso wake.

Saba alikuwa mtu wa chuma wa shamba la kahawa ambalo baba yangu alilisimamia, juu kidogo ya Tengeru. Jina lake lilikuwa namba iliyogongwa kifuani, na hakuna aliyewahi kufikiria kumpa jingine. Waliletwa na Wajerumani, hilo tulifundishwa shuleni, wakashushwa melini Tanga pamoja na reli na miche ya kahawa. Walifyeka msitu, wakachimba mifereji, wakapasua mawe ya boma. Mwingereza akawarithi. Baadaye taifa likayachukua mashamba, nao wakawa mali ya umma kama matrekta, tofauti ni kwamba trekta likiharibika linapumzishwa. Baba alipenda kutania kwamba lile Azimio lililosomwa hapa hapa mjini kwetu lilikataza mtu kumnyonya mtu, juu ya chuma halikusema neno. Wageni walicheka sana. Mimi nami nilicheka, sijui nilikuwa nacheka nini.

Kila mtu wa chuma alikuwa na tundu katikati ya mabega, mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki. Na kila mmoja alikuwa na ufunguo wake, mmoja tu, wa shaba, mrefu kama kiganja cha mtu mzima. Asubuhi anatiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na nguvu hiyo inamfikisha kesho yake, kama hakufanya kazi nzito mno. Sheria yao ilikuwa moja na kila mtoto aliijua: mtu wa chuma hashiki ufunguo, uwe wake au wa mwenzake. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mtu. Baba alizitundika funguo zote kumi na mbili za shamba kwenye misumari chumbani kwake. Saba ndiye aliyepewa kazi za nyumbani kwetu, na kumtia ufunguo kabla sijaenda shule ilikuwa zamu yangu.

"Shikamoo, Ndeshi," aliniambia kila asubuhi, amepiga magoti ili nimfikie.

"Marahaba. Geuka."

Naam, mimi, mwenye miaka minane, niliitikia marahaba kwa mtu aliyepasua mawe ya boma kabla bibi yangu hajazaliwa. Walikuwa wamefundishwa kumwamkia kila binadamu, hata anayenyonya. Kwa akili yangu nikapiga hesabu: anayeamkiwa ndiye mkubwa, na anayekupa nguvu asubuhi ndiye mama yako. Kwa hiyo mimi nilikuwa mama yake Saba. Msicheke. Nilimpenda, na nilimpenda kwa bidii. Nilimpaka nyonyo hata siku ambazo sikuagizwa, nikamfuta masikio kwa kitambaa, nikamsimulia yote ya shuleni. Yeye alinivusha mfereji mvua zikinyesha, na hakuwahi kuniambia neno ambalo halikuwa jibu la neno langu. Hilo sikuliona kuwa kitu. Niliona ni adabu.

Kisha ikaja ruksa. Mnakumbuka ilivyokuja, kila kitu kilichokuwa haramu jana kikawa halali leo. Mama, ambaye alikuwa Mchaga wa Machame na biashara ilikuwa kwenye damu, hakungoja aambiwe mara mbili. Akaanza kuuza mitumba soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, na Saba akawa anambebea marobota. Redio ikawa inaimba ruksa, baba anasema ruksa, mwalimu wa dini anaonya kuwa ruksa isiwe ya kutenda dhambi.

Jumamosi moja, mwisho wa safu ya mitumba, nilimkuta mwanamke wa chuma. Alivaa kitenge, ameketi kwenye kigoda chake mwenyewe, ananoa mapanga na visu vya watu. Shingoni, kwenye kamba ya ngozi, ulining'inia ufunguo. Nilisimama mbele yake nikingoja aniamkie. Naye akanitazama, na nikahisi kuwa yeye pia anangoja. Tulikaa hivyo muda mrefu, mpaka akaamua nimemchosha akarudia panga lake. Nilikwenda kwa mama nimefura.

"Mama, yule hajaniamkia!"

Mama alitupa jicho mara moja. "Achana naye. Huyo ni wa kule juu."

Kule juu ni msituni, kwenye mabega ya Meru, walikokwenda kuishi watu wa chuma waliopata funguo zao. Wengine walikabidhiwa na mabwana waliokuwa wanakufa, wengine waliiba, sijui. Zamani walikuwa wanawindwa. Siku hizo za ruksa aliyekuwa na muda wa kuwawinda alikuwa nani?

"Sasa anatiwa ufunguo na nani?" niliuliza.

"Wanatiana wao kwa wao."

Nilimhurumia. Nikaona na Saba amesimama na robota kichwani, anamtazama yule mwanamke, mpaka mama alipomwita mara ya pili. Nikajua anamhurumia kama mimi, kwa kuwa yule maskini hakuwa na mtoto wa kumtunza kama yeye alivyokuwa na mimi.

Wiki ile ile baba alirudi nyumbani na habari kwamba shamba limepata mnunuzi. Angekuja Jumatatu kukabidhiwa kila kitu: miti, mashine za kumenyea kahawa, na watu wa chuma kumi na wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Kahawa ilikuwa haina bei, kwa hiyo watu wa chuma angewapeleka migodini. Baba aliyasema haya akimenya ndizi ya kuiva, bila kututazama. Saba alikuwa mlangoni na ndoo mbili za maji, na mimi sikumhesabu na wale, maana yeye alikuwa wetu wa nyumbani.

Alhamisi jioni tulikuwa mezani, mama anapakua. Saba akaja akasimama kizingitini, na mikononi mwake, mikono yote miwili, ameshika jani la sale lililofungwa fundo. Kwa wasiotoka kwetu niseme kidogo. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu akikukosea, hata awe amemwaga damu ya ndugu yako, akaja mlangoni na jani la sale lililofungwa fundo, unamsamehe. Ukilikataa, unabaki na laana wewe na siyo yeye. Nilikuwa nimeshaona wajomba zangu wakipatanishwa hivyo baada ya kukatana mapanga kwa ajili ya kiwanja.

Baba aliweka kijiko chini. "Saba. Umekosa nini?"

Hapo hapo mama akanifukuza. "Ndeshi, jikoni." Nikaenda bila kubisha, kwa sababu Jumanne nilikuwa nimevunja chupa ya chai ya mama na kuvifukia vipande nyuma ya zizi. Nikaamini kabisa kwamba Saba amejitwisha kosa langu. Kutoka jikoni nilichokisikia ni mama akipaza sauti, kisha neno "kuondoka", kisha neno "Jumatatu". Kwa vipande hivyo vitatu nikashona nguo nzima: Saba amesingiziwa kuvunja chupa, amesamehewa kwa mdomo tu, na Jumatatu anatolewa kwa mnunuzi kama adhabu. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na mimi nilikuwa natembea humo kifua mbele.

Maneno yenyewe niliyapata kwa baba miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumeshahamia mjini, mtaa wa Elerai, na yeye hana kazi tena.

"Sijakosa, Mzee," Saba alikuwa amejibu. "Bado."

"Sasa sale la nini?"

"Nimekaa na watu wa huku muda mrefu. Nimeona anayekuja na sale hakataliwi. Mzee, redio inasema ruksa, nami sijaambiwa ruksa hiyo inaishia wapi. Nataka kuondoka kabla ya Jumatatu, na nataka kuondoka na ufunguo wangu. Najua kwako hilo ni kosa. Naomba radhi mapema."

"Makubwa haya!" mama akaruka. "Tangu lini chuma kikashika sale? Baba Ndeshi, usilipokee! Nyumba hii ya shamba, kazi hii ya shamba. Ukilipokea tumekwisha."

Baba aliniambia kwamba alikaa akiwaza ni mzee gani aliyewahi kusema nani anaruhusiwa kubeba sale na nani haruhusiwi, akakosa. Hakuna aliyewahi kuulizwa. Wazee walikataza wanaoletewa wasikatae, wakasahau kuhesabu waletaji. "Amelileta mlangoni kwangu, mke wangu yupo anaona," aliniambia. "Ningelikataa, kesho ningekuwa mtu wa namna gani?" Akalipokea. Wakapatana kwamba Jumapili mchana wenzake Saba watashuka kumchukua, na baba atamkabidhi ufunguo mkononi mbele yao.

Nilimuuliza na wale kumi na mmoja je, ambao Jumatatu walipandishwa lori kwenda migodini. Baba akasema hawakuleta sale. Nimelizungusha jibu hilo kichwani tangu siku hiyo na sijui kama ni jibu. Kuna siku naliona la mtu mwema, kuna siku naliona la mwoga.

Basi Jumapili. Baba, mzee wa kanisa, alitangulia asubuhi sana kuandaa ibada. Mama alikuwa anapasha maji. Nilichukua ufunguo wa Saba kwenye msumari kama siku zote, ila badala ya kwenda zizini nikaenda kwenye tenga la kuku aliyekuwa analalia mayai. Yule kuku alikuwa mkali, hakuna mtu mzima aliyethubutu kumgusa. Akanidonoa nikatoka damu, lakini nikausukuma ufunguo chini ya majani hadi mwisho. Niliona nimemaliza kila kitu. Mnunuzi atamtakia nini mtu asiye na ufunguo? Saba atalala siku mbili tatu, mnunuzi ataondoka, nami nitamwamsha.

Nilimkuta zizini, ameshapiga magoti, amenipa mgongo.

"Shikamoo, Ndeshi."

"Marahaba. Leo hakuna ufunguo."

Hakugeuka. Nilisikia kitu ndani yake kikigonga polepole. Jana yake alikuwa amebeba marobota kwenda na kurudi sokoni, nguvu iliyobaki ilikuwa ya kuokoteza.

"Mzee amesema hivyo?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Lilikuwa jibu la karibu, basi. Ningesema "subiri", ningesema "sijauona", lakini nikasema ndiyo, na baba yangu, aliyekuwa amepokea sale, nikamgeuza mwongo kwa neno moja. Saba alisema, "Sawa." Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kumkatia ng'ombe majani. Hiyo "sawa" siijui mpaka leo ilikuwa ya namna gani. Mimi nilikwenda kanisani, nikaimba kwa furaha hata jirani akanigeukia.

Tuliporudi alikuwa amesimama katikati ya zizi, mkono mmoja umenyooshwa mbele na fungu la majani, na ng'ombe anayala kutoka mkononi mwake. Nilikuwa nimetegemea kwamba mtu wa chuma akiishiwa hufumba macho. Hafumbi. Nilimpungia mkono mbele ya uso, nikaona nimepungia kitu.

Ndani ya nyumba baba alikuwa chumbani anagusa misumari mmoja mmoja. Akatoka.

"Mama Ndeshi, toa ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Usinifanye mtoto. Ni wewe uliyesema utautupa mtoni."

"Nilisema! Kusema ni kutupa? Nakuapia kwa mama yangu aliye kaburini, sijaugusa."

"Nimepokea sale, mwanamke! Unajua unaniweka wapi?"

Sikuwahi kuwasikia wakiongea hivyo. Mama alilia, kisha akaacha kulia akaanza kupekua nyumba nzima kwa hasira, makabati, magunia, hadi marobota ya mitumba akayafungua uani, nguo za Wazungu zikatapakaa kila mahali. Mimi nilikaa kwenye ngazi. Nilikuwa nangoja kufurahi, maana mpango wangu ulikuwa umefaulu, na furaha haikuja. Nilichanganyikiwa. Kama baba anataka kumtoa Saba kwa mnunuzi kesho, kwa nini anautafuta ufunguo leo kama mtu anayetafuta dawa ya mgonjwa?

Kisha wakaingia uani, wanne. Mbele yao alikuwa yule mwanamke wa chuma wa sokoni, na kitenge chake. Baba akawaendea mikono mitupu.

"Umepotea," alisema. "Mungu ni shahidi yangu."

"Wengi hupotezewa, Mzee," yule mwanamke alijibu. Sauti yake haikuwa na ukali, ndiyo maana ilichoma. "Hukulikataa sale. Umelizunguka tu."

Baba alikwenda kuketi kwenye gogo la kupasulia kuni, akashika kichwa. Wao wakaingia zizini, wakamtoa Saba na mkono wake ulionyooka, wakamlaza kwenye machela ya miti miwili na blanketi, kama watu wa mlimani wanavyomteremsha mgonjwa hospitali. Ila wao walikuwa wanapanda.

Nilimvuta mama sketi. "Wanampeleka kwa mnunuzi?"

"Mnunuzi gani tena? Wanampeleka kwao. Si alimwomba baba yako kwa sale? Hukuona?"

"Alimwomba radhi ya chupa ya chai."

"Chupa gani? Aliomba kuondoka. Alitaka kwenda, mwanangu. Kesho angepelekwa mgodini, na leo hata hao wenzake watambeba kama gogo, maana ufunguo ukishapotea hakuna wa kuufua mwingine."

Alitaka kwenda. Sikuwahi kujua kwamba Saba anaweza kutaka. Nilisimama hapo katikati ya makoti ya Wazungu, nikatafuta kumbukumbu moja tu ya Saba akitaka kitu, sikuipata, na nikaona aibu ambayo sikujua jina lake. Kisha nikakimbilia tenga. Kuku akanidonoa tena, na safari hii nilimwinua kwa mabawa nikamtupa, mayai mawili yakavunjika.

Niliwafuata kwa njia ya juu, nikapita kahawa, nikapita migomba ya mwisho, mpaka pale mfereji mkuu unapotokea msituni. Wingu jeusi lilikuwa limeufunika Meru wote. Niliwakuta wameweka machela chini wavuke. Sikuwa na pumzi ya kusema, nikainua ufunguo juu.

Yule mwanamke alinitazama. "Ulikuwa wapi huu?"

"Chini ya kuku."

Hakuna aliyecheka. Akanyoosha mkono. Mimi nikaurudisha ufunguo kifuani.

"Ngoja nimtie mimi," nikasema. "Mimi ndiye humtia kila siku. Mzunguko wa mwisho ni mgumu, hamtauweza, mimi ndiye ninayejua."

"Leta," akasema.

Ningeweza kukimbia. Nawaambia ukweli, niliwaza kukimbia. Niliushika hadi meno ya ufunguo yakaniingia kiganjani, kisha nikampa. Wakamgeuza Saba ubavu, wao wenyewe wakamtia ufunguo, kwa zamu, kila mmoja mizunguko yake, na mzunguko wa mwisho waliuweza. Nilisikia ile sauti ya ndani ikianza. Mkono ulionyooka ukashuka. Akaketi. Yule mwanamke akautia ufunguo kamba na kumfunga shingoni, na Saba akaushika kwa vidole viwili, akaugeuza huku na huku. Alikuwa hajawahi kuushika.

"Saba," nikasema. "Baba hakukataa. Mimi ndiye niliyedanganya. Baba hakukataa kabisa."

Alisimama. Sikuwa nimewahi kumtazama kutoka chini kiasi kile, maana kwangu alikuwa amezoea kupiga magoti. Nilingoja aseme amenisamehe, au aseme ananichukia, chochote ambacho ningeweza kukibeba nyumbani. Alitazama mlima, akatazama njia niliyokuja nayo.

"Rudi nyumbani, mtoto," akasema. "Mvua inakuja."

Nikasema, "Ndiyo," nikageuka, nikateremka mbio. Nilikuwa nimeshafika kwenye migomba yetu ndipo nilipogundua kwamba nimetii.